Nilishinda friza kwa neno ambalo mtu hatamki mbele ya mama mkwe

Wakuu, hamjambo humu ndani. Salamu kutoka Sori, upande wa Migori, huku ziwa liko karibu hadi mbu wanajua kuogelea.

Hii ninayoleta hapa ni ya kweli tupu. Nimeoa, nina kanisa, sina sababu ya kudanganya watu nisiowajua. Mkiona mahali nimeongeza chumvi, mods wafute uzi na account pia.

Kwanza niseme mimi ni nani. Mimi ni kinyozi. Kinyozi changu, yaani duka lenyewe, kina viti viwili, kioo kimoja chenye ufa, na TV ya inchi thelathini na mbili. Hiyo TV ndiyo imenifikisha hapa nilipo.

Mimi ni mgonjwa wa game shows. Si shabiki, ni mgonjwa. Kuna mteja niliwahi kumwacha na nusu ya kichwa kwa dakika kumi kwa sababu contestant fulani alikuwa ameulizwa mji mkuu wa nchi fulani na alikuwa karibu kukosa. Mteja akaniambia, "Boss, nimebaki nusu." Nikamwambia hata huyu kwa TV amebaki nusu, tulia.

Kwa hivyo kabla ya kufika kwa kisa, mniruhusu nitoe maoni yangu ya kitaalamu. Ukiwa na haraka ruka, lakini usije kuuliza maswali baadaye.

Zile shows za maswali na majibu manne, watu hawashindwi na maswali. Wanashindwa na mdomo. Mtu anajua jibu ni B, lakini lazima kwanza atueleze shangazi yake aliwahi kufanya kazi wapi. Akimaliza shangazi, amejichanganya, anasema D. Host naye akiona mtu anatoka jasho ndipo anakumbuka matangazo. Tunaletewa sabuni ya kufulia dakika tatu huku moyo unadunda.

Shows za kutafuta wachumba, hizo mimi naziita mnada wa viatu. Dada anakataa vijana tisa, anachukua wa kumi kwa sababu amevaa viatu vyeupe. Wiki mbili baadaye wanatukanana online na viatu vimeshachafuka.

Shows za kuimba ndizo zilinikosesha imani kabisa. Siku hizi anayeshinda si mwenye sauti, ni mwenye historia ya kuhuzunisha. Jaji analia kabla wimbo haujaanza. Kuna mmoja alieleza vile mbuzi wao wa pekee alikufa yeye akiwa darasa la sita, akapita hadi nusu fainali. Sauti yake ilikuwa ya huyo mbuzi.

Lakini mfalme wa game shows zote ni mchezo wa maneno. Mnakuwa wawili. Mmoja anapewa neno, analieleza bila kulitaja, mwenzake anakisia. Saa inakimbia. Hapo hakuna shangazi, hakuna mbuzi. Ni akili na kuelewana tu.

Sasa tuingie kwa kisa.

Kuna station moja ndogo, sitaitaja, ilitangaza kwamba inazunguka mikoani na huo mchezo wa maneno, na wangefanya recording Homa Bay. Zawadi ya washindi: friza kubwa ya kulala, ile ya mlango wa juu.

Mke wangu Akinyi anauza samaki wabichi hapa Sori. Wakuu, kama hujawahi kuona mwanamke akimwaga samaki kwa sababu barafu imeyeyuka kabla ya wanunuzi kufika, usiombe. Anamwaga bila kusema neno, halafu anaosha beseni polepole kuliko kawaida. Miaka minne nimeangalia hilo beseni likioshwa. Aliposikia friza, alikuja kinyozi akiwa bado na magamba mikononi akasema, "Baba Beryl, hii TV yako leo itatufaa."

Tukatuma majina. Tukaitwa.

Tulifanya mazoezi wiki tatu. Mimi naeleza, Akinyi anakisia. Tulikuwa moto. Nikisema "ya kijani, ya ukweni, inachinjwa," yeye anasema "hakuna kuku wa kijani, ni sukuma wiki na umekosea kueleza," na ni kweli. Shida ni moja, Akinyi hakisii kwa sauti ya kawaida. Anakisia akipiga kelele kana kwamba mimi niko Tanzania.

Asubuhi ya recording akaamka hana sauti. Hata kidogo. Anafungua mdomo, upepo unatoka. Tukajaribu tangawizi, limau, asali, maji moto na maombi. Upepo tu.

Tukaenda Homa Bay hivyo hivyo. Nikawaeleza watu wa station, na yule mama aliyekuwa jaji, mwenye miwani imefungwa kwa kamba, akafungua karatasi ya sheria akasema tunaweza kubadilisha mtu mmoja, mradi awe wa familia na awe tayari yuko ukumbini.

Wa familia aliyekuwa ukumbini alikuwa mmoja tu. Alikuwa amekuja kutoka Kendu Bay kutushangilia, amekaa safu ya pili na leso yake ya kanisa na chupa ya maji.

Mama mkwe wangu.

Kwa ndugu zetu ambao si Wajaluo, nieleze polepole. Kwetu mama mkwe anaitwa maro, na maro si mtu wa mchezo. Humpi mkono. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Chumba chake cha kulala huingii, na chako haingii, na kitanda ndicho mwisho wa dunia: chake hukioni, chako hakioni, na hamkizungumzii. Najua kuna familia zimelegeza mambo haya. Kwa akina Akinyi hawajalegeza hata skrubu moja. Nilikuwa nimeoa miaka tisa na mama huyu hajawahi kuniambia neno moja moja kwa moja. Akiwa na jambo anamwambia Akinyi, "Mwambie huyo." Huyo ndiye mimi, nimesimama hapo hapo.

Nikamwangalia Akinyi. Hakuwa na sauti ya kukataa wala kukubali. Alifanya tu vidole hivi, kama mtu anayefungua mlango wa friza.

Akaenda akamnong'oneza mama yake upepo. Mama akafunga chupa yake ya maji. Halafu akasema kwa sauti ya ukumbi mzima kusikia, "Kama ni kwa ajili ya samaki, Mungu ataelewa."

Tukaitwa jukwaani. Hapo ndipo niliona sofa.

Wakuu, ilikuwa sofa nyekundu ya watu wawili wembamba, yenye umbo la kopa. Host alikuwa kijana wa Nairobi aliyevaa suti ya rangi ya machungwa, kwa hivyo nitamwita Machungwa. Akatuambia tukae karibu, tushikane mikono na tutazamane machoni.

"Tunataka chemistry!" akasema.

Mama mkwe akamgeukia jaji. "Mwambie huyu mtoto mimi sikusoma sayansi."

Ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya sofa natazama kiatu changu. Machungwa akanivuta mkono, nikamwambia ndugu yangu, ukinikalisha hapo mimi sina tena mahali pa kwenda Krismasi. Mama naye akawa amegeuza mgongo kabisa, anatazama ukuta. Director anapiga kelele kutoka nyuma kwamba haoni sura ya mtu yeyote.

Mwisho akina mama wa safu ya mbele wakaamua kesi. Wakachukua stand mbili za maiki, wakafunga leso pana ya mmoja wao katikati kama pazia, mama akakaa upande mmoja wa sofa, mimi nikakaa kwa mkono wa sofa upande mwingine. Leso ilikuwa imeandikwa methali lakini nilikuwa upande wa nyuma, maneno yalikuwa kinyume.

Washindani wetu walikuwa mtu na mke wake kutoka Isebania, wanabadilisha pesa pale mpakani. Wale watu wamezoea kuongea na madereva wa malori, hesabu mbili kwa wakati mmoja, lugha tatu. Walivaa T-shirt zinazofanana. Kwa sekunde tisini walipata maneno manane. Walipomaliza wakapigana high five na mke akaanza kuangalia friza kama mtu anayewaza itaingia vipi mlangoni.

Sisi tulihitaji tisa.

Neno la kwanza likatokea kwa skrini yangu: SUKARI.

Nitamwambiaje moja kwa moja? Sijui hata kuanza. Saa inakimbia. Basi mdomo ukafanya ile kitu umezoea. Nikamgeukia Machungwa nikasema, "Mwambie Mama, ni ile kitu daktari alimkataza."

Machungwa akashangaa, lakini akainama upande wa pili wa leso. "Mama, anasema ni ile kitu daktari alikukataza."

"Mwambie sukari."

"Anasema sukari."

Kengele ikalia ya kukubali. Bwana wa Isebania akasimama akapinga, eti host anasaidia. Saa ikasimamishwa. Jaji akasoma sheria zake mbele na nyuma, akavua miwani. "Hakuna mahali pamekataza mtu kutuma salamu," akasema. Tukaendelea.

MWAVULI. "Mwambie ni ile kitu alisahau kwetu siku ya mazishi ya mjomba, na hajawahi kuuliza."

"Mwambie mwavuli. Na kumbe iko kwake!"

JOGOO. "Yule aliyenikimbiza siku ya kwanza nilipoenda kwao."

"Mwambie jogoo. Tulimchinja, awache kuogopa."

KINYOZI. "Mwambie ni ile kazi alisema si kazi."

"Mwambie kinyozi," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka.

Wakuu, sijui nieleze vipi. Miaka tisa nilidhani mimi na mama huyu hatujuani. Kumbe ule ukimya wote ulikuwa umejaa. Nilijua anakunywa chai bila sukari, nilijua goti lake la kushoto linauma mvua ikikaribia, nilijua anaimba sauti ya tatu kwaya. Yeye naye alijua mambo yangu yote, hadi yale nilidhani ni siri ya nyumba. Likatokea neno TELEVISHENI nikasema, "Mwambie ni ile kitu yangu," na hata sikumaliza, akajibu. Mimi na Akinyi kwa wiki tatu za mazoezi hatukuwahi kwenda kasi hiyo. Machungwa alikuwa anaruka huku na huku wa leso, jasho limeloweka machungwa yote.

Omena, wale dagaa wa ziwa, tukapata. Kwaya, tukapata. Goti, tukapata. Nane!

Sekunde kumi na mbili zimebaki. Neno moja tu. Skrini ikabadilika.

KITANDA.

Watu wa ukumbini wanaona neno kwa skrini kubwa. Nilisikia akina mama wote wakivuta pumzi pamoja. Mmoja akasema, "Yawa!" Akinyi pale mbele alijifunika uso kwa mikono miwili.

Nitasema nini? Cha kulalia? Nimwambie maro wangu habari ya kulala, mbele ya kamera? Cha mbao, kina godoro? Ningekuwa nimekitaja tu. Kumi. Tisa. Nikamwona Akinyi anachungulia kati ya vidole, na nikaona lile beseni lake. Wakuu, niliogopa kukosa kwa ajili yake kuliko nilivyoogopa mila, na nasema hivyo hadharani.

"Mwambie," nikasema, "ni kile kitu chake mimi sitakiona hadi nife."

Machungwa akapeleka. Kabla hajamaliza, nyuma ya leso pakalipuka, "Otanda!"

Kengele ya kukosa. Jaji akainua mkono. Otanda ni Kijaluo, na sheria ilisema jibu liwe kwa Kiswahili. Ukumbi ukapiga mayowe. Nne. Machungwa anatafuta vile atatafsiri hiyo habari, anababaika. Tatu.

Nikasimama. Nikasema juu ya leso, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe, "Mama, kwa Kiswahili!"

Leso ikashuka. Aliivuta chini kwa mkono mmoja hadi stand ya maiki ikaanguka. Akanitazama usoni, macho kwa macho, miaka tisa yote.

"Kitanda!" akapiga kelele. "Kitanda, Ochieng! Kitanda!"

Kengele ya kukubali ililia na ile ya saa kuisha ikafuata nyuma yake.

Tisa. Tulikuwa tumeshinda. Akina mama wazima walikuwa wamefunika midomo. Halafu yule mke wa Isebania ndiye alianza kupiga makofi, Mungu ambariki, na ukumbi wote ukafuata. Mimi na mama tulikuwa tayari tumeinamisha vichwa, yeye anaokota leso, mimi nachunguza kiatu.

Akinyi alilia bila sauti. Ndiyo kilio kizuri zaidi nimewahi kuona.

Kipindi kilipotoka, nasikia Kendu Bay walikitazama kanisa zima. Wanakwaya wakamuuliza mama, ilikuwaje akataja kitanda mbele ya mume wa mtoto wake? Akawajibu, "Nilitaja ya kamera." Hawakurudia.

Mngedhani stori imeisha. Haijaisha.

Friza ililetwa Sori. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na soketi inayoweza kubeba mzigo kama huo ni moja tu. Iko chumba cha kulala. Na kabla mniandikie habari ya extension, extension ilijaribiwa, ikayeyuka ikashikana na sakafu. Kwa hivyo friza ikawekwa chumbani, ubavuni mwa kitanda. Samaki wakaingia. Tangu siku hiyo Akinyi hajamwaga hata mmoja.

Wiki iliyofuata mama akaja. Alitaka kuona kitu chake, kwa sababu karatasi ya ushindi ina majina mawili, lake na langu. Akaketi sebuleni, akanywa maji. Akauliza iko wapi. Akinyi, ambaye sauti ilikuwa imerudi na sasa akatamani isingerudi, akaonyesha pazia la chumba.

Mama akaweka gilasi chini.

Mimi nilikuwa mlangoni, nje, nimegeuka upande.

"Muulize huyo," mama akasema, "friza ni ya nani?"

Nikasema ni yetu sote.

"Muulize, na kitanda ni ya nani?"

Nikasema ni yetu, mimi na Akinyi.

"Basi mwambie hiyo yenu itoke, nione yangu."

Nikaleta spana. Nikakifungua kitanda vipande vinne, nikakipitisha dirishani nyuma ya nyumba kimefunikwa shuka ili asikione hata mguu mmoja. Nikakibeba hadi kinyozi. Nikarudi nikasema sasa ni chumba cha friza tu, si cha kulala.

Akaingia. Akafungua mlango wa friza kwa mkono wake. Akatia mkono ndani kati ya samaki akauacha humo. Nilimsikia akicheka, na sikuwa najua ana kicheko, chembamba kama cha msichana. Akatoka akifuta mkono kwa leso. "Mwambie huyo," akasema, "kinyozi ni kazi."

Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama huko kidogo. Sitaeleza nilifanya nini.

Sasa anakuja kila baada ya wiki mbili. Haiwezekani kukifungua na kukifunga kitanda kila mara, skrubu zimelegea zote, kwa hivyo kimebaki kinyozi. Wateja wanakikalia wakingoja zamu, wanatazama TV, na wengine wanasinzia kabisa. Sisi tunalala kwa godoro chini, na kila asubuhi tunalikunja na kulificha kama watu wanaodaiwa kodi.

Funzo nililopata ni hili. Mtu ambaye hamsemezani anaweza kuwa ndiye anayekusikia zaidi. Na ukishiriki game show, uliza kwanza nyumbani kwako soketi iko wapi.

Wenye wakwe, leteni yenu hapa chini, na wale wa kusema mila zimepitwa na wakati pia mkaribie, lakini mjue Akinyi anasoma comments zote.

Na kama kuna mtu amesikia show ambayo zawadi yake ni kitanda, anitumie tarehe za auditions. Partner ninaye.